Fannie Lou Hamer, mama mlimaji wa Mississippi aliyefukuzwa shambani sababu ya kura

Katika Kavumu, mama anayelima kwa bwasa anajua ni nini kupanda mbegu katika udongo usio wake. Anakodi shamba kwa msimu, anapanda maharagi au viazi vitamu, lakini mgomba hapandi, kahawa hapandi, kwani mwenye shamba hataki mizizi ya mtu mwingine ikae katika ardhi yake. Msimu ukiisha, anaweza kuambiwa apishe. Siku ile watoto wake watakula nini, ni neno linaloamuliwa na mtu mwingine.

Mbali sana na Kivu, katika mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani, kulikuwa na mama Mweusi aliyeishi katika hali inayofanana na hiyo kwa karibu miaka 40. Alianza kuchuma pamba akiwa na miaka 6. Siku moja alikwenda kujiandikisha ili apige kura, na jioni ya siku hiyo hiyo akafukuzwa shambani. Jina lake ni Fannie Lou Hamer. Dunia inamkumbuka kama mpiganaji wa haki ya kura. Lakini kazi yake ya mwisho, ambayo wengi hawaijui, ilikuwa kutafuta shamba ambalo hakuna mtu angeweza kumfukuza mlimaji.

Mtoto wa ishirini

Fannie Lou Townsend alizaliwa tarehe 6 mwezi wa kumi mwaka 1917 katika jimbo la Mississippi. Alikuwa kitinda mimba katika watoto 20 wa James Lee na Lou Ella Townsend. Alipokuwa na miaka 2, familia ilihamia Sunflower, wilaya ya udongo mzuri mweusi na pamba nyingi. Huko walimaji Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu, lakini ardhi, butiki, polisi na tribinali vyote vilikuwa mikononi mwa Wazungu.

Namna ya kulima ilikuwa hii: mwenye ardhi alitoa shamba na kibanda cha kulala, mlimaji akatoa mikono yake na ya watoto wake. Mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu. Lakini mbegu, mbolea na chakula cha mwaka mzima mlimaji alivichukua kwa deni, na deni hilo lilikatwa katika nusu yake. Kitabu cha hesabu kilikaa kwa mwenye shamba. Mwisho wa mwaka familia nyingi zilijikuta bado zina deni, na mwenye deni hawezi kuhama.

Fannie Lou aliingizwa katika kazi hiyo kwa vitu vitamu. Mwenye shamba alimkuta anacheza kando ya barabara, akamwahidi kwamba akichuma pamba kilo 13 hivi kwa juma, atapewa biskuti na samaki wa kopo katika butiki yake. Mtoto alichuma, akapewa. Juma lililofuata akatakiwa kuchuma mara mbili. Alipofika miaka 13 alikuwa anachuma kilo 90 na zaidi kwa siku moja, ingawa polio ilikuwa imemwacha akichechemea. Alisoma miaka kama 6 tu, na tena ni miezi 4 kwa mwaka, kwa sababu shule ya watoto Weusi ilifunguliwa pale pamba ilipokuwa haihitaji mikono yao. Hata hivyo alijua kusoma vizuri, na jambo hilo litakuja kubadili maisha yake.

Wakati mmoja wazazi wake walikaribia kutoka katika utumwa huo. Baada ya mavuno kuwa mazuri, walikodi ardhi yao wenyewe, wakanunua nyumbu, ng'ombe na vyombo vya kulimia. Wakaanza hata kutengeneza nyumba. Usiku mmoja mtu akatia sumu ya wadudu katika chakula cha wanyama. Familia iliamini kwamba ni jirani Mzungu ambaye hakupenda kuona Weusi wakiinuka. Wanyama wakafa, na familia ya Townsend ikarudi kulima kwa nusu. Hawakuinuka tena. Mama yake, aliyevaa nguo zilizojaa viraka ili watoto wapate za kwao, aliumia jicho akiwa kazini, akafa kipofu mwaka 1961 nyumbani kwa Fannie Lou.

Mizani na jikoni

Mwaka 1944 Fannie Lou aliolewa na Perry Hamer, dereva wa trakta, ambaye watu walimwita Pap. Waliishi katika shamba la W. D. Marlow, karibu na mji mdogo wa Ruleville, kwa miaka 18. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, mwenye shamba alimpa kazi ya kuandika saa za wafanyakazi na kupima pamba yao.

Ni hapo aliona wizi kwa macho yake. Jiwe la mizani lilikuwa limeongezwa uzito, ili kilo za mlimaji zionekane chache. Alichofanya hakikuwa na kelele: alitafuta jiwe lake la haki, akalificha, na mwenye shamba akiwa mbali akapimia nalo pamba ya watu. Kama angekamatwa, angepoteza kazi na nyumba.

Yeye na Pap hawakupata mtoto wa kuzaa aliyeishi. Walichukua wasichana wawili wa familia maskini na kuwalea kama wao. Mwaka 1961 Fannie Lou aliingia hospitalini ili atolewe uvimbe mdogo tumboni. Daktari alimtoa kizazi chote bila kumuuliza wala kumwambia. Habari ilimfikia kwa maneno yaliyotoka jikoni kwa mwenye shamba. Alikwenda kumuuliza daktari sababu, na hakupata jibu. Hakuweza kumshitaki, kwani hakuna mwanasheria Mzungu wa Mississippi ambaye angechukua kesi ya namna hiyo. Wanawake Weusi wengi wa jimbo hilo walitendewa hivyo.

Safari ya Indianola

Katika mwezi wa nane mwaka 1962 vijana wa shirika la SNCC walifika katika kanisa moja la Ruleville na kueleza kwamba watu Weusi wana haki ya kupiga kura. Fannie Lou alikuwa na miaka 44, na hakuwa ameelewa mbele ya siku hiyo kwamba katiba ya nchi yake inampa haki hiyo. Alipoulizwa nani atakwenda kujiandikisha, aliinua mkono.

Tarehe 31 mwezi wa nane watu 18 walipanda bisi ya zamani, wakaenda Indianola, makao makuu ya wilaya. Fomu iliwauliza wanaishi wapi na wanafanya kazi kwa nani, ili mwenye shamba apate habari mapema. Kisha walipewa kipande cha katiba ya Mississippi na kutakiwa kukieleza kwa maandishi. Fannie Lou alipewa kifungu juu ya sheria ambacho hata mwanasheria angetoka jasho. Akaanguka mtihani.

Wakirudi, polisi ilisimamisha bisi na kumtoza dereva faini, eti rangi ya bisi ni ya manjano mno. Watu walichangishana senti zao, wakalipa dola 30. Wakati wa kungoja, hofu ilipowashika, Fannie Lou alianza kuimba nyimbo za kanisa, na wengine wakamfuata. Toka siku hiyo walimtambua kama kiongozi wao.

Jioni, nyumbani, Marlow alikuwa amekwisha kupata habari. Alimpa njia mbili: aondoe jina lake, au aondoke shambani. Fannie Lou aliondoka usiku ule ule. Pap alilazimishwa kubaki mpaka mavuno yamalizike, na baadaye familia ilinyang'anywa gari na vitu vya nyumba kwa sababu ya deni. Miaka 18 ya kazi iliisha kwa usiku mmoja. Siku chache baadaye, tarehe 10 mwezi wa tisa, watu walipiga risasi 16 kwenye nyumba ya rafiki aliyekuwa amempokea. Hakuwemo ndani.

Alirudi Indianola, akarudia tena mtihani, na mwanzoni mwa 1963 akafaulu. Lakini alipokwenda kupiga kura, alizuiwa kwa kuwa hakuwa na risiti za kodi ya kura.

Jela na televisheni

Tarehe 9 mwezi wa sita mwaka 1963, akitoka kwenye mafunzo katika jimbo la South Carolina, alikamatwa pamoja na wenzake katika mji wa Winona, kwa kuwa baadhi yao waliingia katika sehemu ya kituo cha bisi iliyowekewa Wazungu. Ndani ya jela, polisi waliamuru wafungwa wawili Weusi wampige kwa fimbo ya ngozi, mmoja akichoka mwingine aanze. Figo zake ziliharibika na jicho moja halikuona vizuri tena. Mwisho wa mwaka huo polisi wale walipelekwa mbele ya tribinali, na baraza la wazee wa kesi, wote Wazungu, likawaachilia.

Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliunda chama chao, Mississippi Freedom Democratic Party, kwa sababu chama cha Democratic cha jimbo kilikuwa kimewafungia mlango Weusi. Tarehe 22 mwezi wa nane mwaka 1964, katika mkutano mkuu wa chama hicho huko Atlantic City, Fannie Lou aliketi mbele ya kamati na kueleza habari za Indianola, za shamba la Marlow na za jela ya Winona. Alisema bila karatasi. Rais Lyndon Johnson aliogopa kupoteza kura za Wazungu wa kusini, akaitisha haraka mkutano na waandishi wa habari ili kamera zimwache mama huyo. Hila hiyo haikufua dafu. Jioni televisheni zilirudisha maneno yake, na nchi nzima ikamsikia.

Wakubwa wa chama waliwapa viti 2 tu. Wajumbe wa Mississippi walikataa, na Fannie Lou alikuwa kati ya waliokataa kwa nguvu zaidi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 6 mwezi wa nane 1965, sheria ya haki ya kura ilitiwa sahihi.

Kati ya mambo hayo mawili alifika Afrika. Katika mwezi wa tisa 1964 yeye na vijana wa SNCC walialikwa Guinée na Rais Sékou Touré. Kwa mara ya kwanza aliona watu Weusi wakiongoza ndege, ofisi na serikali. Mama aliyefundishwa tangu utoto kuona haya kwa ajili ya Afrika alirudi nyumbani na fikra nyingine. Mwezi wa kumi na mbili alizungumza huko Harlem pamoja na Malcolm X, ambaye katika miezi hiyo alikuwa akieleza mateso ya Mississippi na vita vya Kongo kama jambo moja.

Njaa kama silaha

Sheria ilipopita, Fannie Lou aliona kwamba jambo moja halijabadilika. Mlimaji alikuwa na haki ya kura, lakini nyumba yake ilikuwa ya mwenye shamba, na chakula chake kilitoka katika butiki ya mwenye shamba. Katika majira ya baridi ya 1962, wakubwa wa wilaya jirani ya Leflore walikata msaada wa chakula wa serikali, na watu zaidi ya 20,000, wengi wao Weusi, wakabaki bila unga wala maharagi. Ilikuwa adhabu kwa wale waliotaka kujiandikisha.

Wakati huo huo mashine za kuchuma pamba na dawa za kuua majani zilikuwa zinaingia mashambani. Mikono ya Weusi haikuhitajika tena. Aliyejiandikisha alifukuzwa, na ambaye hakujiandikisha naye akafukuzwa baadaye kidogo. Wilaya hiyo hiyo ya Sunflower ilikuwa na shamba la seneta James Eastland, zaidi ya hekta 2,300, na serikali ilimlipa pesa nyingi ili asilime sehemu ya ardhi yake. Jirani zake walilala njaa kando ya udongo mzuri kabisa.

Njaa iliingia hata nyumbani kwa Hamer. Mwaka 1967 binti yake mkubwa, Dorothy Jean, ambaye mwili wake ulikuwa umedhoofika kwa kukosa chakula cha kutosha, alianza kutokwa damu. Hospitali za karibu hazikumpokea. Alikufa njiani, wazazi wakimkimbiza Memphis, safari ya zaidi ya kilometa 150. Aliacha watoto wawili wadogo wa kike. Fannie Lou na Pap, ambao walikuwa wamezeeka kabla ya wakati, walianza tena kulea.

Nguruwe kwanza, shamba baadaye

Hapo ndipo Fannie Lou alirudi kwenye kazi aliyoijua toka utoto. Alianza na nguruwe. Kwa msaada wa Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, lililoongozwa na Dorothy Height, alipata majike makumi kadhaa na madume 5, na kuanzisha alichokiita benki ya nguruwe. Familia ilipewa jike, ikamtunza mpaka azae, ikabaki na watoto wa nguruwe, kisha ikarudisha sehemu katika benki ili familia nyingine nayo ipate. Wamama wa Kivu waliowahi kupokezana mbuzi, sungura au dende katika mashirika yao wanaujua mpango huo bila kufundishwa. Kwa miaka michache nyama ilifika katika nyumba za mamia ya familia.

Mwaka 1969 alianzisha koperative ya Freedom Farm, yaani Shamba la Uhuru. Walianza na ekari 40, sawa na hekta 16. Pesa zilitoka kwa marafiki wa mbali: shirika la watu wa Madison katika jimbo la Wisconsin, na michango iliyoombwa na mwimbaji Harry Belafonte. Baada ya miaka miwili hivi, shamba lilikuwa limepita ekari 600, kama hekta 250.

Uanachama ulikuwa dola 1 kwa mwezi. Familia zilizoweza kulipa zilikuwa 30 hivi tu, lakini familia 1,500 zilihesabiwa kuwa za koperative. Sehemu moja ya ardhi ilikuwa ya chakula: maharagi, mahindi, viazi vitamu, karanga, mboga za majani na bamia. Mwenye njaa alikuja, akafanya kazi, akarudi nyumbani na kikapu. Wazungu maskini nao walipewa, kwani Fannie Lou hakukubali kwamba njaa ina rangi. Sehemu nyingine ilipandwa pamba na soya, ili pesa zake zilipe deni la ardhi. Koperative ilisaidia pia makumi ya familia kupata nyumba zenye maji na choo, ikaunga mkono kituo cha kulelea watoto na kazi ya kushona nguo.

Mlimaji wa bwasa huko Kavumu ataelewa kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa. Katika desturi za Bushi, haki ya kalinzi, ile inayomruhusu mtu kupanda mgomba na kuurithisha, kwa kawaida hupitia kwa baba na mwana. Mama analima, anapanda, anapalilia na kuvuna, lakini mara nyingi jina lake halimo katika makubaliano. Katika Sunflower kizuizi kilikuwa rangi na deni. Matokeo yalikuwa sawa: aliyelima hakuwa na neno la mwisho juu ya udongo.

Shamba linapotea

Freedom Farm haikudumu. Katika mwaka 1971 na 1972 kimbunga, mvua nyingi, kisha ukame viliharibu mavuno. Pamba na soya hazikuleta pesa za kutosha, na malipo ya ardhi hayakungoja. Marafiki wa mbali walipunguza michango yao. Koperative haikuwa na wasimamizi wa kutosha wenye kujua hesabu, na kazi nyingi ziliegemea mtu mmoja aliyekuwa safarini kila mara, akitoa hotuba ili apate pesa. Tena kila mtu mwenye shida Ruleville alibisha mlangoni kwake, naye hakujua kumrudisha mtu mikono mitupu. Pesa za mbegu zikaenda katika nguo na dawa za watu. Ilikuwa huruma, lakini huruma haikulipa deni.

Afya yake nayo ilishindwa. Vipigo vya Winona havikumwacha, kisha kansa ya titi ikamshika. Katikati ya miaka ya 1970 karibu ardhi yote ilichukuliwa kwa kodi na madeni. Fannie Lou Hamer alikufa tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1977 katika hospitali ya Mound Bayou, mji ulioanzishwa na watu Weusi wenyewe. Alikuwa na miaka 59. Aliyewahi kumtikisa rais hakuacha mali.

Andrew Young, aliyekuwa balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, alihubiri katika mazishi yake. Mwaka 2012 sanamu yake ilisimamishwa Ruleville. Mwezi wa kwanza 2025, karibu miaka 48 baada ya kifo chake, serikali ya Marekani ilimpa nishani ya uhuru ya rais, heshima kubwa kuliko zote anazoweza kupewa raia wa nchi hiyo.

Kaburi lake liko Ruleville, katika kipande kidogo kilichobaki cha udongo ulionunuliwa na Freedom Farm. Pap, aliyekufa mwaka 1992, amelala kando yake. Mama ambaye kwa miaka mingi alilima ardhi ya wengine, mwishoni alizikwa katika shamba alilolitafuta yeye mwenyewe.